Maganda ya Kahawa: Mbolea Iliyo Mikononi Mwetu

Msimu wa mavuno ya kahawa wilayani Mbinga hufika wakati wa kiangazi, majira ambayo maji ya vijito vyetu hupungua. Katika majira hayohayo mashine za kumenyea kahawa, za vyama vya ushirika na za wakulima binafsi, hutoa maganda kwa wingi kuliko wakati wowote mwingine. Kati ya kilo 100 za matunda mabivu yanayomenywa, takriban kilo 40 hutoka zikiwa maganda mabichi. Hivyo, mkulima aliyemenya kilo 1,000 amebakiwa na takriban kilo 400 za maganda. Makala haya yanaeleza namna ya kuyatumia kwa faida, na kwa nini hayapaswi kuachwa kandokando ya maji.

Madhara ya kuyatupa

Ganda bichi lina sukari nyingi. Likiingia kijitoni, vijidudu vinavyoliozesha hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Samaki na viumbe wengine hukosa pumzi, na maji hugeuka rangi na kunuka. Maji yaliyooshea kahawa nayo huwa na uchachu mkali. Anayeumia kwanza ni jirani wa bondeni, ambaye kiangazi hana chanzo kingine cha kuteka maji. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Maji ya kuoshea yaelekezwe kwenye mashimo ya kuyapokea, mbali na kijito, yasiachwe yatiririke ovyo.

Faida iliyomo

Ganda hilohilo lina naitrojeni, na lina potasiamu kwa wingi zaidi. Virutubisho hivyo vimetoka katika udongo wa shamba lako. Kutupa maganda ni kuutoa utajiri wa shamba na kisha kwenda dukani kuununua upya.

Jambo hili si geni Umatengoni. Katika kilimo cha ngolo, wazee wetu walizilaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana, wakazifukia kwa udongo na kuziacha zioze, na milima yenye miteremko mikali ikaendelea kuzaa. Mboji ya maganda ya kahawa hufuata hekima hiyohiyo.

Namna ya kutengeneza mboji

1. Chagua mahali palipoinuka, penye kivuli, mbali na maji. Acha maganda yachuruzike kwa siku moja au mbili.

2. Changanya sehemu tatu za maganda na sehemu moja ya nyasi au majani makavu. Ongeza samadi na majivu kidogo. Maganda yakiwa peke yake hushikamana, hewa haipiti, na lundo hunuka.

3. Jenga lundo lenye upana na kimo cha takriban mita moja na nusu, kisha lifunike kwa majani ya migomba.

4. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukiguse: kikiwa cha moto, uozaji unaendelea vizuri. Kikiwa baridi na kikavu, nyunyiza maji.

5. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili. Fumbata mchanganyiko mkononi: uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, usitiririshe maji.

Baada ya miezi mitatu hadi minne mboji huwa nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo. Lundo lililoanza Julai huwa tayari mvua zinapokaribia. Weka debe moja kwa kila mche, ukiizungusha chini ya matawi bila kugusa shina. Mboji hupunguza mahitaji ya mbolea ya dukani. Kipimo cha upungufu huo kitategemea hali ya udongo wa shamba lako.

Matumizi mengine

Maganda yaliyochemshwa ili kuua vimelea hufaa kuoteshea uyoga wa mamama. Yakichanganywa na kinyesi cha ng'ombe, hufaa katika mitambo ya gesi ya kupikia. Mapumba makavu yanayobaki kahawa ikikobolewa yana rutuba ndogo, lakini ni nishati nzuri: huchomwa kwenye pipa lenye hewa kidogo, hufinyangwa kwa uji wa muhogo, na kukaushwa kuwa mkaa mbadala.

Tahadhari moja: msiwalishe mifugo maganda mabichi kwa wingi. Kafeini na tanini zilizomo hupunguza hamu ya kula na ukuaji wa mnyama.

Viongozi wa vyama vya ushirika wanashauriwa kutenga eneo la mboji kabla mashine hazijaanza kazi, na kukubaliana na wanachama namna ya kugawana mboji kulingana na kahawa ambayo kila mmoja ameleta. Mkazi anayehitaji kuoneshwa kwa vitendo amwone Afisa Ugani wa kata yake.