Masharti ya Ugonjwa Yanapolegezwa, Uliza Haya

Julai 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliwatangazia Wakenya kwamba kuanzia saa kumi alfajiri ya siku iliyofuata wangeruhusiwa tena kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera. Nairobi na viunga vyake ilikuwa imefungwa tangu Aprili 6, Mombasa tangu Aprili 8. Katika miezi hiyo mitatu watu walibishana nyumbani, redioni na mahakamani. Wenye hoteli za pwani walitaka wageni warudi kabla wafanyakazi wao hawajaishiwa kabisa. Wenye matatu walitaka barabara. Wataalamu wa afya walihofia virusi vya korona kusafiri na abiria hadi vijijini, waliko wazee wengi na hospitali chache. Wote walikuwa na hoja, lakini mara nyingi mjadala uliishia kwenye "fungua" na "usifungue", mwananchi akabaki kushabikia upande kama yuko uwanja wa mpira.

Magonjwa ya mlipuko hayajaisha. Mwaka 2022 Uganda ilizuia watu kuingia na kutoka wilaya za Mubende na Kassanda kwa sababu ya Ebola, na mwaka 2024 Rwanda ilipambana na Marburg bila kufunga nchi. Mjadala huu utarudi, na utakaporudi inafaa mwananchi awe na maswali mkononi.

Soma amri yenyewe

Tangazo la Julai 6 lilikuwa na maamuzi mengi ndani yake. Barabara zilifunguliwa Julai 7, ndege za ndani zikaruhusiwa kuanzia Julai 15, na za kimataifa Agosti 1. Nyumba za ibada ziliruhusiwa waumini wasiozidi 100 kwa saa moja. Kafyu ya kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri ilibaki palepale. Aliyesikia tu kwamba "nchi imefunguliwa" akapanda basi la usiku, alijitafutia matatizo kwenye kizuizi cha polisi.

Kwa hiyo usitegemee kipande cha video kilichosambazwa kwenye simu. Tafuta tangazo lote, au lililochapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, uone limeruhusu nini, wapi, kuanzia saa ngapi na hadi tarehe gani. Hiyo tarehe ya mwisho ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Amri isiyo na mwisho haimlazimishi yeyote kurudi mbele ya wananchi kueleza kwa nini inaendelea.

Asilimia kwanza, idadi baadaye

Kila siku mwaka 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe au maafisa wake walisoma idadi ya wagonjwa wapya, nayo ndiyo iliyobebwa na vichwa vya habari. Ikiwa peke yake, idadi hiyo inapotosha. Wakipimwa watu 1,000 na 50 wakapatikana na virusi, hiyo ni asilimia 5. Wiki inayofuata wakipimwa 5,000 na 100 wakapatikana navyo, idadi imeongezeka maradufu, lakini asilimia imeshuka hadi 2. Gawanya waliopatikana na virusi kwa waliopimwa, uzidishe kwa 100. Hesabu hiyo yaweza kufanywa kwenye simu yoyote. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango hicho kiwe chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili mfululizo kabla ya kulegeza masharti, mradi upimaji wenyewe uwe wa kutosha. Nchini Kenya kiwango kilikuwa karibu asilimia 2 Januari 2021, kikafika 22 mwezi Machi. Ndipo Machi 26 kaunti za Nairobi, Kajiado, Kiambu, Machakos na Nakuru zikafungwa, hadi Mei 1.

Bila takwimu hakuna mjadala wa maana. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za kila siku mwishoni mwa Aprili 2020, kisha ikaruhusu ndege za kimataifa mwezi Mei na kufungua vyuo na shule mwezi Juni. Waliounga mkono uamuzi ule na waliouogopa wote walibaki kubishana kwa dhana. Haki ya kwanza ya kudai, uwe upande wowote, ni takwimu.

Wiki mbili hadi tatu

Dalili za korona huonekana kwa kawaida siku 5 au 6 baada ya mtu kuambukizwa, na zinaweza kuchelewa hadi siku 14. Mgonjwa akizidiwa, huchukua siku nyingine kufika hospitalini. Kwa hiyo anayesema siku tatu baada ya kufunguliwa kwamba hakuna lililotokea, amesema mapema mno. Kenya ilifungua njia Julai 7. Kufikia Julai 27 jumla ya waliothibitishwa kuambukizwa ilikuwa imezidi maradufu, na siku hiyo Rais akaagiza baa ziendelee kufungwa na kupiga marufuku uuzaji wa pombe mikahawani. Lawama yote haiwezi kutupiwa barabara, maana maambukizi yalikuwa yanapanda tayari. Lakini funzo la muda linabaki: yanapolegezwa mambo matano kwa siku moja, wiki tatu baadaye hakuna ajuaye ni lipi lililoleta madhara. Uliza kama yatalegezwa kwa awamu, na ni kiwango gani kikifikiwa yatarudishwa.

Kitanda na muuguzi wake

Mwaka 2020 kila kaunti ya Kenya ilitakiwa kutenga vitanda 300 vya wagonjwa wa korona. Magavana walipigwa picha mbele ya magodoro mapya. Lakini kitanda hakimhudumii mgonjwa: kinahitaji oksijeni, dawa na watu wa zamu. Desemba mwaka huo wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, na miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Kaunti yako ikijisifu kwa vitanda, uliza kuna wauguzi wangapi wa zamu ya usiku na oksijeni itatosha siku ngapi.

Nani anaumia, nani anatangulia

Hapa ndipo ningependa mjadala utumie muda mrefu zaidi. Uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, lakini sekta ya hoteli na mikahawa ilipoteza karibu nusu ya shughuli zake. Wastani wa nchi ulificha maumivu ya Diani, Malindi na Watamu. Kafyu ya saa moja jioni ilimkata mama mboga saa zake za biashara, maana wateja wake ndio kwanza wanashuka kwenye matatu. Juni 2020 iliposogezwa hadi saa tatu usiku, alirudishiwa saa mbili ambazo ndizo chakula cha watoto wake. Afisa mwenye mshahara wa mwezi huenda hata hakuihisi tofauti hiyo.

Kisha kuna watoto. Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020. Baa ziliruhusiwa kufunguliwa mwishoni mwa Septemba, na wanafunzi wa kwanza, wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, wakarudi Oktoba 12. Waliobaki walisubiri hadi Januari 2021. Uganda haikufungua shule zake zote hadi Januari 10, 2022, karibu miaka miwili tangu zifungwe. Mimi naamini mpangilio huo ulikosewa, na mtoto alistahili kutangulia kaunta ya bia. Unaweza kuamini vingine, ila mpangilio lazima uelezwe hadharani pamoja na sababu zake.

Sheria haiendi likizo

Kifungu cha 39 cha Katiba ya Kenya kinalinda uhuru wa kutembea. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kupunguzwa kwa sheria, kwa sababu ya maana na kwa kiasi kinachohitajika tu. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga na kuwarushia gesi ya kutoa machozi watu waliokuwa wakisubiri feri Likoni wakiwahi kurudi nyumbani. Watu waliotakiwa kuachiana nafasi walisongamana wakikohoa. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, na Rais akaomba radhi kwa ukatili wa polisi. Chama cha Mawakili cha Kenya kilikwenda mahakamani. Aprili 16 Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu ilikuwa halali, lakini nguvu iliyotumika kuitekeleza ilivunja Katiba.

Uamuzi huo unasaidia pande zote mbili. Unaweza kuunga mkono kafyu na bado ukakataa kirungu. Swali la kuuliza kabla ya amri kuanza ni je, mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili atafikaje nyumbani kwa wakati?

Mpakani

Masharti ya safari hayapangwi na nchi moja. Mei 2020 malori yalipanga foleni Namanga na Malaba huku madereva wakisubiri vipimo, hadi, kwa upande wa Namanga, Kenya na Tanzania zikakubaliana dereva apimwe kwao kabla ya kuanza safari. Agosti 1 Kenya ilipofungua anga bila kuiweka Tanzania kwenye orodha yake, Tanzania iliizuia Kenya Airways hadi Septemba. Mwenye safari ya kuvuka mpaka athibitishe masharti ya nchi anayotoka na ya nchi anayokwenda, siku ya kukata tiketi na tena siku moja kabla ya kuondoka.

Ukiamua kusafiri

Ruhusa ya kwenda kijijini haimaanishi ni lazima uende wiki ya kwanza. Ukiwa na homa, kikohozi au umepoteza uwezo wa kunusa, ahirisha. Ndani ya matatu vaa barakoa ifunike pua na mdomo, na fungua dirisha hata abiria wenzako wakinung'unika. Ukifika kwa mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu, kaeni kibarazani badala ya sebuleni. Ukipata dalili ndani ya siku 14, nenda ukapimwe kabla ya kuhudhuria msiba au harusi, na uwapigie simu uliokaa nao karibu siku hizo, pamoja na dereva ukimkumbuka, ili nao wapimwe.