SOMO: KUISOMA RIPOTI YA KINYAMA CHA SARATANI

Mgonjwa akitolewa uvimbe, majibu ya uchunguzi hayaandikwi na daktari aliyemfanyia upasuaji. Huandikwa na mtaalamu wa patholojia, ambaye hukipima kinyama hicho chini ya darubini na ambaye mgonjwa, aghalabu, hatamwona maishani. Kiungo pekee kati yao ni karatasi. Daktari atakayepanga tiba, pengine katika hospitali nyingine na mji mwingine, naye huitegemea karatasi hiyo hiyo. Kwa hiyo namna ilivyopangwa si jambo la urembo.

Tuchukue mfano wa saratani ya titi. Tuseme mama mmoja ameondolewa uvimbe pamoja na tezi za limfu za kwapani, na ripoti yake imeandikwa kwa mtindo wa maelezo, kama barua: "Kipande cha titi la kushoto kimepokewa katika fomalini. Kina uvimbe mgumu wa sentimita 2.5. Kwa darubini, ni saratani iliyoanzia katika mirija ya titi na kupenya tishu za jirani, daraja la 2. Ukingo wa mkato hauna saratani. Tezi za kwapani zimeonekana, baadhi zina saratani."

Maneno hayo ni sahihi yote, na yanasomeka vizuri. Lakini yule anayetaka kutibu atakwama penye neno "baadhi". Tezi moja hadi tatu zenye saratani humweka mgonjwa katika kundi moja la ugonjwa. Nne hadi tisa humweka katika kundi lililo zito zaidi. Kumi au zaidi, zito kupita hayo. Uamuzi juu ya mionzi na dawa hufuata hesabu hiyo. Tena hatujaambiwa tezi ngapi zilipimwa kwa jumla. Na kuna jambo ambalo ripoti haikuligusa kabisa: vipokezi vya homoni, yaani estrojeni na projesteroni, pamoja na protini iitwayo HER2. Dawa ya tamoksifeni humfaa mgonjwa ambaye saratani yake ina vipokezi vya homoni. Dawa ya trastuzumabu humfaa mwenye HER2 nyingi. Ripoti isipotamka neno, msomaji hawezi kujua kama kipimo kilifanyika kikakosa kuonyesha kitu, au hakikufanyika, au kilifanyika na mwandishi akasahau kukitaja.

Hapo ndipo penye ubaya wa mtindo wa maelezo. Haukosei kwa kusema uongo. Hukosea kwa kunyamaza, na kimya chake hakionekani.

Mtindo wa pili ni ripoti ya vipengele. Kila jambo lina mstari wake na jibu lake: upande wa titi, aina ya saratani, ukubwa, daraja, umbali kutoka ukingo wa mkato, tezi zilizopimwa, tezi zenye saratani, kupenya katika mishipa, vipokezi, HER2. Kina mama waliohudhuria kliniki ya wajawazito watautambua mara moja, kwa kuwa kadi ya kliniki imepangwa hivyo hivyo. Muuguzi akiacha kujaza safu ya shinikizo la damu, mwenzake atakayeishika kadi mwezi ujao ataona pengo. Angekuwa ameandika aya nzuri kuhusu afya ya mama, pengo lisingeonekana.

Nchini Marekani, tangu mwaka 2004, hospitali zinazotaka ithibati ya tume ya saratani ya chama cha madaktari wa upasuaji hutakiwa ripoti zao ziwe na vipengele vya lazima vilivyopangwa na chama cha wanapatholojia. Mwaka 2011 vyama vya wanapatholojia vya nchi kadhaa, zikiwamo Australia, Uingereza na Kanada, vilianzisha ushirikiano wa kuandaa orodha za pamoja za vipengele kwa kila aina ya saratani. Orodha hizo hutolewa bila malipo, hivyo maabara ya Mwanza au Mbeya yaweza kuzitumia sawasawa na ya London.

Hata hivyo, tusiugeuze mpangilio kuwa dawa ya kila kitu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kwamba madaktari wa upasuaji walizielewa visivyo ripoti za patholojia kwa asilimia 30, na kwamba muundo uliorahisishwa uliongeza makosa badala ya kuyapunguza. Macho yao yalikwisha kuzoea sura ya zamani. Vilevile mpangilio hauwezi kukiokoa kinyama kilichoharibika. Kinyama cha titi kinachopimwa vipokezi hutakiwa kukaa katika fomalini kwa saa 6 hadi 72. Kikiachwa kwenye kopo bila dawa hiyo tangu asubuhi hadi jioni, safu zilizojazwa vizuri zitabeba majibu yasiyoaminika. Na ugonjwa usio wa kawaida bado huhitaji aya ya maelezo chini ya vipengele. Ripoti bora huwa na vyote viwili.

Wewe mtumiaji wa huduma, omba nakala yako na uitunze. Kwanza hakikisha jina, umri, namba ya maabara, na upande wa mwili, kulia au kushoto. Kisha umwombe daktari akuonyeshe, kwa kidole, mahali palipoandikwa ukubwa, ukingo, idadi ya tezi na vipokezi. Kwa saratani ya utumbo mpana, uliza kama tezi zilizopimwa zimefika 12. Zikiwa pungufu, maneno "tezi hazina saratani" yana uzito mdogo. Usishtuke ukikuta "haiwezi kubainishwa" au "haihusiki". Hayo ni majibu halali, hasa pale kilichopimwa ni kinyama kidogo tu cha uchunguzi wa awali, maana hakina ukingo wa mkato wala tezi za kuhesabu.

Kukiwa na pengo, daktari anaweza kuiandikia maabara kuomba ripoti ya nyongeza. Si lazima ukatwe upya. Maabara huhifadhi vipande vya kinyama vilivyogandishwa katika nta, na kipimo kilichosahaulika kinaweza kufanywa juu ya vipande hivyo. Ukihamia hospitali nyingine, uliza utaratibu wa kuvipeleka huko.

Ipo pia habari ya malipo. Kipimo cha kawaida cha darubini na kipimo cha vipokezi ni huduma mbili, na mara nyingi bei zake ni mbili. Kabla ya kulipa, uliza risiti inahusu kipi. Kama vipokezi havimo, uliza vitapimwa wapi, kwa bei gani, na majibu yatatoka baada ya siku ngapi.