Moshi wa Jikoni Haumdhuru Mtoto Peke Yake

SWALI: Daktari, mimi ni bibi wa Morogoro, nalea mjukuu wa miezi tisa, na aghalabu humbeba mgongoni nikipika, kwa kuni na pengine kwa mkaa, katika kibanda kisicho na dirisha. Mwanangu ameazimia kuninunulia jiko la gesi, lakini kijana wa jirani amenisomea habari kwamba wataalamu wamechunguza wakaona gesi haimkingi mtoto na nimonia. Mjukuu wangu anakohoa siku mbili hizi. Je, fedha ile mwanangu aitie katika jambo jingine?

JIBU: Bibi mpendwa, kabla sijagusa habari ya majiko nakuomba umtazame mjukuu. Mfunue kifua akiwa ametulia, ukamhesabie pumzi kwa dakika nzima ya saa. Mtoto wa umri wake akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila avutapo pumzi, au akikataa kunyonya, apelekwe zahanati saa ile ile, wala msingoje kupambazuke. Zisipoonekana dalili hizo, kikohozi cha mtoto mara nyingi hupoa chenyewe, madhali ananyonya vema na kuangaliwa kila siku. Tazama pia kadi yake ya kliniki kama chanjo ya kumkinga na nimonia imekamilika.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Habari uliyosomewa ni ya kweli, nami siwezi kuikanusha kwa sababu tu hainifurahishi. Utafiti huo ulifanywa katika nchi nne, yaani Guatemala, India, Peru na Rwanda, kwa wajawazito wapatao 3,200 waliokuwa wakipikia kuni na mfano wake. Takriban nusu yao, waliochaguliwa kwa kura ili pasiwe na upendeleo, walipewa jiko la gesi na gesi yenyewe bila malipo, ikiletwa mpaka nyumbani kwa muda wa miezi 18, na waliosalia wakaendelea kupika kama walivyozoea. Wajawazito walivikwa vyombo vidogo vya kupima hewa waivutayo, na hapo gesi ilionyesha nguvu zake wazi: zile chembe laini za moshi, ambazo unene wa unywele mmoja huzidi upana wake mara 30 hivi, zilipungua kutoka mikrogramu 70 katika kila mita ya ujazo ya hewa hadi 24 tu. Walakini watoto walipozaliwa na kupimwa, wa upande wa gesi walikuwa na wastani wa gramu 2,921 na wenzao gramu 2,898, tofauti ndogo isiyoweza kutengwa na bahati. Na matokeo ya nimonia kali katika mwaka wa kwanza wa maisha, yaliyotangazwa mwaka 2024, hayakuonyesha nafuu ya kutegemewa. Huko Malawi nako, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2017, majiko ya kuni yaliyotengenezwa kwa ustadi ili yapunguze moshi yaligawiwa vijijini, watoto zaidi ya 10,000 wakafuatwa, na nimonia haikupungua.

Nilipoyasoma matokeo haya nilihuzunika, kwa kuwa yamefanywa kwa insafu na uangalifu mkubwa, na watu waliyatarajia vingine. Lakini mtu akiyatazama kwa utulivu ataona sababu zisizomtoa moshi hatiani. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kwamba hewa ya mwaka mzima isizidi mikrogramu 5 za chembe hizo. Basi mama aliyetolewa katika 70 akafikishwa 24 ametuliwa mzigo mkubwa, ila bado anavuta takriban mara tano ya kiasi hicho. Moshi wa jirani huingia kwake bila kubisha hodi, na takataka zichomwazo nyuma ya nyumba, na vumbi la barabara, havimo katika mamlaka ya jiko lake. Tena nimonia ya watoto imebadilika: Rwanda imekuwa ikitoa chanjo ya pneumokokasi, yaani bakteria waletao nimonia, tangu mwaka 2009, na nimonia inayosalia baada ya chanjo hiyo kwa sehemu kubwa huletwa na virusi vinavyopita kutoka mtu hadi mtu, ambavyo, kwa maoni yangu, hakuna jiko liwezalo kuvizuia.

Jambo linaloniuma zaidi katika barua yako, bibi, ni kwamba umeuliza habari za mjukuu peke yake, wala hukujitaja hata mara moja, ilhali uso uinamao juu ya moto ni wako, na umekuwa ukiinama hivyo tangu u msichana. Shirika hilo hilo la Afya lakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo havikutokana na nimonia, bali na maradhi ya moyo na kiharusi. Kisha yapo maradhi ya mapafu yanayoziba pumzi kidogo kidogo, na saratani. Madhara haya hujengeka kwa miaka mingi, na utafiti wa miezi 18 hauwezi kuyapima sawasawa.

Ithibati ya hayo ipo China, katika wilaya ya Xuanwei, jimbo la Yunnan, ambako wakulima walikuwa wakiwasha makaa ya mawe ndani ya nyumba zisizo na dohani, na wanawake wasiovuta hata sigara wakifa kwa saratani ya mapafu kwa wingi wa kutisha. Baadhi yao walibadili wakajenga majiko yenye dohani. Watafiti waliwafuatilia wakulima zaidi ya 21,000 kuanzia mwaka 1976 hadi 1992, wakaona kwamba kwa waliobadili jiko saratani hiyo ilipungua kwa asilimia 41 kwa wanaume na 46 kwa wanawake. Na nafuu yenyewe haikudhihiri ila baada ya miaka kama kumi. Yule ambaye angepima baada ya mwaka mmoja na nusu angeondoka akisema dohani hazina faida.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mwanao anunue jiko lile, nawe ulipokee kwa ajili yako mwenyewe. Serikali yetu imekusudia katika mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034 kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, nami naliunga mkono kusudio hilo kwa moyo wote, ingawa najua kwamba kikwazo kwa wengi si kulipata jiko bali ni kuujaza mtungi unapokwisha. Mwulize mwanao mapema nani atalipa mtungi wa pili na wa tatu. Ukiishiwa gesi, au ukiwa na maharage na makande yanayokula moto saa nyingi, uloweke usiku kucha kisha upike kwa mkaa nje uani, mtoto akiwa mbali, mikononi mwa mtu mwingine na si mgongoni mwako. Kibandani toboa dirisha, na tundu jingine juu karibu na paa. Mtungi usimame wima, mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni, na ukinusa gesi usiwashe kiberiti wala taa, bali ufunge mtungi na kufungua mlango.

Na msimu wa baridi ukifika, jiko la mkaa lisiingizwe kabisa chumbani mnamolala, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi, kwa maana hewa ya sumu itokayo humo haina harufu wala rangi, hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na huua watu wakiwa usingizini.