Maji ya Dawa na Maji ya Ubatizo



Ninyi mkaao Lubunga mwajua mtumbwi, kwa kuwa mkitaka kufika mjini Kisangani hamna budi kuuvuka mto mkubwa. Mwajua pia ya kuwa gogo laweza kuwa na gome zuri na unene wa kutosha, kumbe ndani limeoza. Likichongwa likawa mtumbwi, litaelea vema karibu na ukingo, penye maji matulivu. Siku ya dhoruba, katikati ya mto, litapasuka, na watu watasema dhoruba imeuvunja mtumbwi. La, sivyo. Mtumbwi ule ulikuwa umevunjika tangu msituni.

Leo twajifunza juu ya nguvu. Wako wakatekumeni ambao, wakiulizwa na padri kwa nini wautaka Ubatizo, hujibu: Nipate nguvu. Jibu hilo si baya. Lakini ni nguvu gani? Mmoja ataka medali shingoni ili wachawi wasimguse. Mwingine adhani maji yale yatakuwa kama ngozi ya pili, asipatwe na ugonjwa wala hasara. Mtu wa namna hiyo hajaiacha hirizi yake. Amebadili uzi tu.

Nchi yetu ilipata kuona nguvu ya namna hiyo. Mwezi wa Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji huu wa Kisangani, ambao siku zile uliitwa Stanleyville. Kabla ya vita waganga waliwanyunyizia maji ya dawa, nao wakaenda mbele wakipaza sauti, “Mai Mulele!”, wakisadiki kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Walipewa na miiko: wasiibe, wasimguse mwanamke, wasitazame nyuma. Angalieni vema, maana jambo hili husahauliwa: miiko mingine ilikuwa mizuri. Lakini ilishikwa kwa sababu gani? Kwa hofu ya kuiharibu dawa, si kwa mapendo ya Mungu wala ya jirani. Moyo ulibaki vile vile. Basi mtu alipojiona ana bunduki na hakuna wa kumzuia, mwiko ukamwanguka kama nguo isiyofungwa.

Mwishoni mwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Simba walifika kwa lori katika misioni ya Bafwabaka, upande wa Wamba, wakawachukua masista wa Jamaa Takatifu. Kati yao alikuwamo Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mwalimu wa watoto, mwenye umri wa miaka 24. Wakafikishwa Isiro. Huko kanali mmoja, jina lake Ngalo, akamtaka Anuarite awe mke wake. Anuarite akakataa, kwa kuwa alikuwa amejitoa kwa Mungu kwa nadhiri zake tangu mwaka 1959. Kanali mwingine, Olombe, akatia nguvu ili mwenzake apate alichokitaka.

Je, Anuarite hakuogopa? Aliogopa. Jioni ile alifadhaika hata chakula hakikupita. Nalisema hilo makusudi, kwa maana wengine hudhani mtakatifu ni mtu asiyetetemeka. Kutetemeka ni kwa mwili. Kukubali au kukataa ni kwa moyo, na moyo wake ulikuwa umekwisha kukataa zamani, katika kazi ndogo za kila siku, mahali ambapo hapakuwa na askari wa kumtisha wala watu wa kumsifu. Usiku huo Olombe akampiga vikali. Naye akamwambia kwamba amemsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Akaamuru achomwe kwa visu vya bunduki, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Anuarite akafa usiku huo wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri; na katika misa ile ile Papa akatangaza kumsamehe yule muuaji kwa jina la Kanisa lote.

Swali: Anuarite alikuwa amebatizwa, na risasi ikampenya. Je, maji ya Ubatizo yalishindwa?

Jibu: Hayakushindwa. Ubatizo haukupewa ili kuukinga mwili na chuma. Unaondoa dhambi, unatutia neema ya utakaso, unatufanya wana wa Mungu. Risasi ilifika mahali pote pa mwili wake ilipopelekwa, lakini hapo penye neema haikufika.

Kumbukeni pia Mtakatifu Petro. Bustanini alikuwa na upanga, akamkata mtu sikio. Usiku ule ule, kando ya moto, kijakazi mmoja akamwuliza swali, na Petro akamkana Bwana wetu Yezu Kristu. Mkono ulikuwa hodari, moyo ulikuwa bado. Baadaye, alipokwisha kulia machozi na kupokea Roho Mtakatifu, alisimama mbele ya wakubwa wa Yerusalemu bila upanga wowote.

Sasa tuseme mambo ya kwetu. Mwaka 2023, hapa Lubunga, ugomvi wa ardhi uliwatenga Wambole na Walengola. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, jamaa nyingi zikakimbilia ng'ambo ya mto. Somo hili halitafuti ni nani aliyeanza. Hiyo ni kazi ya mahakimu na ya wazee. Mimi namtafuta mkatekumeni anayejua Amri ya Tano kwa moyo, anayeisema bila kukosa neno mbele ya katekista, na usiku mmoja ndugu wa ukoo wake wanamgongea mlango. Mmoja ni mjomba wake. Wanamwambia: Twaa panga, twende, au wewe si mwanaume?

Kumfukuza mjomba hawezi, na heshima ni lazima. Anaweza kusema: Mjomba, nakuheshimu, lakini jambo hili sitalitenda. Kesho watamcheka kisimani, na pengine watamnyima shamba. Haya si madogo, na tusimdanganye kwamba ni madogo.

Jibuni pamoja na katekista kabla ya Dominika ijayo: Neno lile mkatekumeni huyu atalitoa wapi usiku huo, kama wiki nzima alikuwa akidanganya bei sokoni na kumpiga mkewe nyumbani? Na asubuhi, huyo aliyesema hapana amkaribie vipi mjomba wake?