Kiboko katika Somo la Hadithi Fupi

Chukua hadithi ya kurasa mbili: kijana anasukuma baiskeli kutoka mgodi wa Kamatanda, gunia la madini juu yake, njiani anapishana na mwenzake aliyemfunga mbuzi miguu yote nyuma ya baiskeli. Wanafunzi karibu wote wataandika kwamba mbuzi ni mfano wa kijana. Jibu si baya, ila ni la haraka mno: mbuzi keshatoweka, limebaki fumbo. Waulize ni sentensi ipi inayoonyesha kamba ikimuuma yeye mwenyewe. (Wenye ndugu mgodini wasilazimishwe kusimulia ya nyumbani.)

Kisha andika ubaoni neno kiboko. Ni mnyama wa mtoni. Tena ni mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Chini ya utawala wa Wabelgiji mjeledi huo, ambao huku Katanga uliitwa fimbo, uliwachapa wafungwa na vibarua. Mnyama aliuawa, ngozi yake ikampiga mtu. Kiswahili kimeyabeba mateso yote mawili kwa jina moja, nasi twalitamka bila kushtuka.

Zoezi: andika upya aya ya njiani kwa upande wa mbuzi, bila kumfanya aseme kama mtu.