SOMO LA KAMATI: AKIBA YA MAAFA IWEKWE WAPI?

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, nchini Msumbiji. Barabara kuu iendayo bara ilikatwa na mafuriko, na kwa siku kadhaa misaada ilipelekwa kwa helikopta na mashua. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika Wilaya ya Kilwa. Funzo ni moja: chakula chaweza kuwapo nchini, lakini kisimfikie mwenye njaa.

Kamati ya chama, basi, ina maamuzi mawili. Kabla ya maafa huamua akiba iwe kiasi gani na ikae wapi. Baada ya maafa huamua igawiwe nani na ipite njia gani. Uamuzi wa pili hufungwa na ule wa kwanza, kwani gunia lililo ng'ambo ya mto uliofurika haligawiki.

1. Kiasi
Kipimo kitumikacho mara nyingi ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku. Watu 1,000 kwa siku 10 huhitaji kilo 4,000, yaani magunia 40 ya kilo 100.

2. Mahali
Ichukuliwe mfano wa chama kikuu chenye magunia 80. Kina ghala makao makuu na ghala dogo katika kijiji cha ng'ambo ya mto chenye watu 1,000. Wazee wanakumbuka kwamba katika masika 10 daraja lilikatika mara 3.

Magunia yote yakikaa makao makuu, ulinzi ni rahisi na gharama ni ndogo. Lakini daraja likikatika, kijiji hakipati hata kibaba. Magunia 40 yakivushwa kabla ya masika, kijiji kina chakula cha siku 10, muda ambao njia nyingine yaweza kutafutwa. Daraja lisipokatika, na mahitaji yakatokea makao makuu, hasara ni nauli ya lori la kuyarudisha.

Kamati isiulize tu, "Lipi lina uwezekano mkubwa?" Masika 7 kati ya 10 daraja litasimama. Iulize pia, "Tukikosea, hasara ipi italipika?" Nauli hulipika, uhai haulipiki.

Hata hivyo, ghala la ng'ambo lisijengwe bondeni. Likifikiwa na maji, kinga yenyewe imekuwa maafa.

3. Utunzaji
Wahenga walisema akiba haiozi. Ya mahindi huoza. Magunia yapangwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, na yakaguliwe kwa ajili ya dumuzi na fukusi. Yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka: yauzwe kabla hayajaharibika, na mapya yanunuliwe mara baada ya mavuno. Kila badiliko liandikwe katika leja siku ile ile.

4. Ufunguo
Bei ipandapo, wanachama watataka akiba iuzwe. Kwa hiyo mkutano mkuu uandike mapema: akiba isipungue kiasi gani, nani atangaze dharura, na nani ashike ufunguo wa ghala la ng'ambo. Mshika ufunguo awe mkazi wa ng'ambo, naye awe na msaidizi. Ufunguo uliobaki makao makuu siku ya mafuriko ni sawa na kukosa ghala. Mpango huo ujulikane kwa kamati ya maafa ya kijiji, ili misaada isirundikane mahali pamoja.

Maswali ya majadiliano
(a) Ni daraja au kivuko gani kikikatika kitawatenga wanachama wenu?
(b) Wanachama hao wana chakula cha siku ngapi upande wao?
(c) Mshika ufunguo akiwa mgonjwa, nani atafungua?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano kabla ya masika.