Ordinatere Ikibloke Wakati wa Kuwaka: Tufanye Nini?



Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona nyumbani. Unawakisha ordinatere, taa inawaka, ekra inaonyesha alama ya Windows, kiisha kila kitu kinasimama. Suri haisogei, klavye haijibu. Ao mashini inazimika yenyewe, inaanza tena, inazimika tena. Hapo mtu wa nyumba anasema upesi: «Iko na virusi. Tufomate tu.»

Ngoja kwanza! Kufomate ni kufuta. Katika nyumba moja, binti mmoja wa chuo kikuu alikuwa na kazi yake ya kumaliza masomo ndani ya ordinatere ya namna hiyo. Kurasa zaidi ya sitini, na hakuna kopi pahali pengine. Fundi alikwisha kushika turnavisi na diski ya Windows. Mdogo wake, mwanafunzi wa sekondari, akasema: «Yaya, tuangalie kwanza.» Neno hilo ndilo somo letu.

Kumbukeni Nehemia. Alipofika Yerusalema hakuanza kujenga siku ile. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka, akaangalia kuta zilizobomoka na milango iliyoungua. Nyuma ya kuangalia ndipo akasema na wakubwa juu ya kujenga.

A. NGAZI TANO ZA KUWAKA

Ordinatere haiamki mara moja. Inapanda ngazi tano:

1. Kisanduku cha umeme kinapokea volti 220 za ukutani na kuzipunguza kuwa volti 12, 5 na 3,3.
2. BIOS, programu ndogo iliyo juu ya karte mama, inapima viungo: kumbukumbu, klavye, diski.
3. BIOS inatafuta diski yenye Windows.
4. Windows inaingia pamoja na piloti, ndizo programu za kuongoza kila kiungo.
5. Meza ya kazi inaonekana, na programu zingine zinaanza zenyewe.

Basi ulizo la kwanza si «Ni ugonjwa gani?» bali «Inasimama kwenye ngazi gani?»

B. KILA NGAZI NA DAWA YAKE

Ngazi ya 1. Hakuna taa, hakuna sauti ya vantilatere: angalia kamba na prize. Pima volti kama muko na kipimo. Umeme ukishuka sana, mashini inaanza na kuzimika. Usifungue kisanduku cha umeme chenyewe: kinashika umeme ndani hata kama kamba imetolewa, na umeme ule unaweza kuua mtu.

Ngazi ya 2. Vantilatere inazunguka, lakini ekra iko nyeusi na mashini inalia «tii, tii»: mara nyingi ni kumbukumbu. Toa kamba ya umeme. Gusa chuma cha sanduku kwa mkono mtupu, sababu umeme mdogo wa mwili unaweza kuharibu vipande. Toa bareti ya kumbukumbu, safisha meno yake kwa gome ya kufutia krayo, pangusa, rudisha mpaka isikike «ta!». Kama kuko bareti mbili, pima moja moja. Kama tarehe inarudi nyuma kila siku, badilisha pili ndogo ya volti 3, CR2032.

Ngazi ya 3. Ekra inaandika kwamba haioni diski: toa kwanza kila fleshi iliyobaki kwenye USB, kiisha kaza kamba za diski. Lakini diski ikipiga «ka, ka, ka», zimisha! Inakufa, na kila kuwakisha kunaiharibu zaidi.

Ngazi ya 4. Inasimama kwenye alama ya Windows, ao inaleta ekra ya rangi ya buluu: andika namba inayoonekana. Kwa mfano 0x0000007B inasema kwamba Windows haifikii diski yake. Kiisha pima kuingia kwa njia ya «mode sans échec», inayowakisha vitu vya lazima tu. Katika Windows 7 unagonga F8 mara nyingi wakati wa kuwaka. Katika Windows 10, ikikosa kuwaka mara mbili tatu, mara nyingi inafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Ikiwaka vizuri kwa njia hiyo, shuku piloti ao programu uliyoweka siku za mwisho. Itoe.

Ngazi ya 5. Inawaka, inatumika dakika kumi, kiisha inabloke: shuku joto. Izimishe saa moja. Ikiwaka vizuri baridi na kukwama tena ikipata moto, fungua sanduku, toa vumbi kwa burashi kavu. Shika mapanga ya vantilatere yasizunguke wakati unapuliza.

C. ALAMA MOJA YA KUSAIDIA

Kama inasimama pahali palepale kila mara, shuku diski ao programu. Kama inasimama leo hapa, kesho pale, shuku kumbukumbu, joto ao umeme.

Yule mdogo aliwakisha ordinatere ya yaya wake mara nne na kuandika kwenye kaye. Mara ya kwanza ilisimama kwenye alama, mara ya pili nyuma ya meza kuonekana, mara ya tatu ekra ya buluu, mara ya ine tena kwenye alama. Ilikuwa baridi, na umeme ulikuwa volti 220. Basi ilibaki kumbukumbu. Bareti moja ilikuwa na uchafu mweusi kwenye meno. Gome ikatosha. Siku ileile yaya alitia kazi yake kwenye fleshi mbili.

D. SHERIA TATU

1. Mashini ikiwaka hata mara moja tu, fanya kopi kwanza, matengenezo baadaye. Ikikataa kabisa, diski inaweza kutolewa na kusomwa ndani ya ordinatere ingine.
2. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, kiisha pima. Ukibadilisha vitatu, hutajua kipi kilikuwa kibaya.
3. Andika ulichofanya na ulichoona. Kufomate kuwe kwa mwisho.

Kipande cha mashini kinaweza kununuliwa tena sokoni. Kazi ya mikono yako iliyofutwa haina duka.

MAULIZO

1. Ordinatere inalia «tii, tii» na ekra iko nyeusi. Ni ngazi gani?
2. Kwa sababu gani tunapima bareti moja moja?
3. Ni kazi gani ya nyumbani kwenu iliyo na kopi moja tu? Ifanyie kopi ya pili juma hili.